Mkono wa mzee ulitetemeka: uchambuzi wa karata moja ya South B

Mezani kuna kingi ya kopa, tisa ya kopa, nne ya pao na mbili ya shupaza. Karata ya tano inafunuliwa: sita ya kopa. Pesa zilizokwisha kuingia katikati ni shilingi 3,450. Mzee, ambaye tangu mwanzo wa mkono huu, yaani duru hii ya karata, amekuwa akigonga meza (kupita bila kuweka dau) na kulipa tu, safari hii hagongi. Anasukuma chipu zake zote zilizobaki, 3,000, na kusema, "Kazi kwako, kijana."

Kijana ni rafiki yangu mhasibu, na ameshika esi ya shupaza na kingi ya pao. Alikaa kimya kwa muda, mpaka mwenye nyumba akaanza kukohoa. Kisha akatupa karata zake kifudifudi. Mzee akavuta pesa zote upande wake, karata zake akazichomeka katikati ya zile zilizotupwa, na hakuna aliyeziona. Tangu Ijumaa ile kundi letu la WhatsApp halijapoa.

Msimamo wangu niuseme mapema: mhasibu alifanya vizuri kutupa. Lakini sababu aliyoitoa usiku ule siikubali, na sababu inayotolewa na wanaompinga siikubali zaidi. Kilichombeba ni kitu kingine kabisa, alichokiona kwa macho yake na kukitaja kwa kupita tu nilipombana siku ya pili.

Kwa wasiocheza: hii si ile poka ya mtaani ya "niko kadi", ya kuokotesha watu kwa mbili na tatu na kuruka kwa jeki. Ni Texas Hold'em. Kila mmoja hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani kwa matumizi ya wote: tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Kila hatua watu huweka dau, hulipa, hupandisha au hutupa. Anayeshinda ni mwenye karata tano bora kati ya saba anazoziona, au anayebaki peke yake baada ya wengine wote kutupa. Hapo kwenye kubaki peke yako ndipo uongo unapopata riziki.

Tulikuwa sita sebuleni kwa jamaa mmoja hapa South B, Nairobi, kila mtu na 5,000 za kuanzia, madau ya lazima 50 na 100, mwisho wa usiku tunamalizana kwa M-Pesa. Mhasibu ndiye aliyekuwa akigawa, kwa hiyo alikuwa wa mwisho kuamua katika kila hatua. Wote waliomtangulia wakatupa, naye akafungua kwa 300. Muuguzi akaiacha 50 yake ikaliwa. Mzee, ambaye 100 yake ya lazima ilikuwa tayari mezani, akaongeza 200. Jumla 650.

Zikaja kingi, tisa na nne, mbili kati yake kopa. Mzee akagonga, mhasibu akaweka 400, mzee akalipa. 1,450. Mbili ya shupaza haikumsaidia mtu. Mzee akagonga tena, mhasibu akaweka 1,000, mzee akalipa. 3,450. Mpaka hapo sina neno. Mhasibu alikuwa na jozi ya juu kabisa, kingi mbili, na esi kando yake, akawa anamtoza mzee kwa kila karata anayoitaka. Kisha ikaja ile sita ya kopa, na mambo yakageuka.

Twende kwenye hesabu kwanza, kwa sababu kumsoma mtu kabla ya kujua bei ni kubahatisha.

Mhasibu anatakiwa kulipa 3,000 ili apate nafasi ya kubeba 6,450, yaani 3,450 zilizokuwapo na 3,000 za mzee. Akilipa, jumla itakuwa 9,450, na 3,000 yake ni karibu asilimia 32 ya hizo. Kwa hiyo swali "mzee anadanganya au hadanganyi" halina maana likiachwa hivyo. Swali ni kama mzee anadanganya walau mara 32 katika kila mara 100 anazofika hapa. Akidanganya mara 25, kulipa ni hasara, ingawa utamkamata mara moja kwa kila nne na utajiona bingwa siku hiyo.

Sasa mzee anaweza kuwa na nini? Kopa tatu ziko mezani, kwa hiyo akishika kopa mbili anafikisha tano na kuipiga jozi ya mhasibu. Mhasibu hana hata kopa moja, kwa hiyo kopa 10 hazijulikani zilipo. Karata 10 hutoa jozi 45 za kopa mbili. Mzee hachezi zote hizo. Kopa ya 10 na kopa ya mbili hata yeye angezitupa mwanzoni, na nyingine kubwa angepandisha mapema. Zinabaki kama 20. Ongeza mikono michache iliyojificha, kama nne mbili mkononi, ambazo pamoja na ile ya mezani zinakuwa nne tatu, au kingi na tisa. Wengi wenye mikono hiyo wangepandisha kabla ya hapa, hivyo nihesabu 4 tu. Jumla 24 zinazompiga mhasibu.

Na uongo? Hapa ndipo meza yenyewe inaposema kitu. Mtu hudanganya kwenye karata ya mwisho akiwa na kitu alichokuwa akikisubiri kikakataa kuja. Mezani kulikuwa na jambo moja kubwa la kusubiri, nalo ni kopa, na kopa ilikuja. Walioisubiri wamefika. Waliokwama ni wale waliokuwa wakisubiri karata moja ya katikati ili wapate mfululizo: kwini na jeki wakiomba 10, kwini na 10 wakiomba jeki, jeki na 10 wakiomba kwini. Kila aina ina njia 16; ondoa ile moja ambayo zote mbili ni kopa, zinabaki 15. Mara tatu, 45. Ni namba ileile ya jozi za kopa, lakini hiyo ni bahati tu.

Mtu makini hawezi kulipa mara mbili akisubiri aina moja ya karata, nne tu kati ya zote ambazo hajaziona. Lakini hizi ni meza za marafiki na watu wameshalipa kwa mambo ya ajabu zaidi ya hayo. Tuseme kwa mtu usiyemjua, aliyeingia leo kwa mara ya kwanza, robo ya hizo 45 zingefika mpaka mwisho na kugeuzwa kuwa uongo. Hiyo ni kama 11. Kumi na moja dhidi ya 24 ni 11 kati ya 35, asilimia 32 kasoro kidogo.

Yaani sare kavu. Kulipa na kutupa ni karibu sawa, dhidi ya mtu usiyemjua. Na ukishafika kwenye sare, chochote unachokijua juu ya mtu aliyekaa mbele yako, hata kiwe kidogo namna gani, ndicho kinachoamua. Ndiyo maana mkono huu umenishika.

Mhasibu alipoulizwa usiku ule kwa nini alitupa alisema, "Machale yalinicheza." Mwenzetu mmoja wa mezani, Wakili, akacheka mpaka akamwaga soda.

Hoja ya Wakili ilikuwa hii: mzee aliposukuma zile chipu mkono wake ulitetemeka, sote tuliona, na mtu anayetetemeka ana hofu, na mwenye hofu anadanganya. "Boss, alikuwa anakuomba utupe," alimwambia. Alianza hata kuyanong'ona hayo wakati mhasibu bado anafikiri, jambo ambalo kwenye meza yoyote yenye adabu lingemfanya aambiwe akanywe maji jikoni. Karata ni za mwenyewe na uamuzi ni wake.

Hoja hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza wanaijua wengi waliokaa kwenye poka kwa muda: mkono unaotetemeka ghafla, kwa mtu ambaye kwa kawaida mkono wake umetulia, mara nyingi ni dalili ya karata nzuri. Mike Caro, Mmarekani aliyeandika sana juu ya ishara za mezani tangu miaka ya 1980, aliwaonya wachezaji hivyo zamani. Mtu anayedanganya hujikaza, hubana pumzi, huogopa hata kujikuna. Aliyepata alichokisubiri huachia, na mwili ukiachia hutikisika. Kwa hiyo kama tungekuwa na haki ya kuutumia mtetemeko ule, ungetuelekeza upande wa mhasibu.

Lakini hatuna haki hiyo, na hii ndiyo kasoro ya pili. Nilikaa kushoto kwa mzee usiku kucha. Chai yake ya tangawizi ilikuwa kwenye kikombe cha bati, na kila alipokiinua kilikuwa kikigonga sahani mara mbili tatu kabla ya kutoka. Aliponiazima kiberiti, njiti ya kwanza ilizimika kwa kutikisika. Alipokuwa akitupa karata mbovu kabisa, zisizo na dau lolote, vidole vilikuwa vikicheza vilevile. Mzee ana miaka yake, na mkono wake una miaka yake. Kilichotetemeka kwenye 3,000 kilikuwa kikitetemeka kwenye chai.

Hili watu wengi hulisahau. Ishara ni tofauti kati ya anavyofanya mtu sasa na anavyofanya siku zote. Usipojua la siku zote, la sasa halina maana, liwe jasho, liwe kicheko au kuangalia dari. Wakili alikuja amechelewa, foleni ya Mombasa Road ilimshika, akakaa upande wa pili wa meza na simu mkononi. Hakukiona kikombe.

Basi tuache mkono. Uso je? Mhasibu mwenyewe aliniambia kwamba alimtazama mzee machoni "na macho yakasema". Sitaki kumvunja moyo, lakini macho hayasemi kama tunavyodhani. Mwaka 2013 Michael Slepian na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Psychological Science. Waliwaonyesha wanafunzi vipande vya video, bila sauti, vya wachezaji wa mashindano makubwa ya poka ya 2009 wakiweka madau, wakawauliza wakadirie uzuri wa karata zao. Walioonyeshwa nyuso tupu walikadiria vibaya kuliko mtu anayebahatisha. Walioonyeshwa mikono tu ikisukuma chipu walifanya vizuri kuliko kubahatisha, na kilichowasaidia kilionekana kuwa jinsi mkono ulivyokwenda kwa ulaini na bila kusita. Ni utafiti wa video fupi na watazamaji wasio wachezaji, usiujengee nyumba. Lakini kuhusu uso unaafikiana na ninachokiona kila wiki: uso ndio mahali ambapo kila mtu amejiandaa. Mtu ambaye kutwa nzima anapatana bei Nyamakima na wanunuzi wanaolia kwamba gunia la ndengu limepanda, huyo usitegemee uso wake ukuambie kitu. Ni kazi yake.

Siku ya pili nikampigia mhasibu. Nilitaka kujua jambo moja.

"Machale yalianza lini?"

"Alipoweka zile tatu elfu."

"Hapana. Fikiri. Kabla ya hapo ulikuwa umetulia kabisa?"

Akanyamaza. "Si kabisa. Tangu alipolipa ile ya kwanza nilikuwa na wasiwasi. Sijui kwa nini, kaka. Alilipa tu. Hata karata hakuangalia."

"Karata hakuangalia?"

"Hakuziangalia tena. Na hata ilipotoka ile sita sikuangalia meza, nilimwangalia yeye. Alitazama ile sita, akatazama chipu zake. Karata zake hakuzigusa."

Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti.

Mtu akipewa karata mbili za alama tofauti, huzishika kichwani kwa namba: nina kwini na jeki. Alama huzisahau, kwa sababu hazikuwa na maana alipozipokea. Zikitoka kopa mbili mezani, anataka kujua kama kwini yake ni ya kopa, na huinua ncha za karata kuchungulia. Mwenye kopa mbili hana haja. Aliziona tangu mwanzo kwamba ni ndugu, ndiyo maana akazicheza, na anakumbuka.

Na mzee ni mchunguliaji. Mapema usiku uleule shupaza mbili zilitoka mezani, naye akainua karata zake kwa kidole gumba, akachungulia, akazirudisha. Muuguzi aliyekaa kulia kwake hata alimtania, "Mzee, hazijabadilika." Baadaye zikatoka pao tatu, akachungulia tena, na mwisho alipofungua karata zake alikuwa na pao moja tu. Matukio mawili si mengi. Lakini ni mawili ya mtu huyuhuyu, usiku huohuo, kwenye hali ileile, na jibu la mojawapo lilionekana wazi mezani. Kwa meza ya marafiki hiyo ni mali.

Mhasibu aliyaona yote mawili. Hakuyaweka kwenye maneno. Yalikaa mahali fulani ndani, na mzee alipokosa kuchungulia kwenye kopa, kitu kikamgonga. Hayo ndiyo yaliyokuwa machale yake. Alipoulizwa sababu akadaka ya karibu, macho, kwa sababu macho husikika vizuri zaidi kwenye hadithi.

Sasa tuitie thamani ishara hii, kwa kukadiria. Tuseme mzee akiwa na kopa mbili hukaa bila kuchungulia mara 9 kati ya 10. Akiwa na karata mchanganyiko hukaa bila kuchungulia mara 6 kati ya 10. Nimemfanyia hisani Wakili hapo, kwa tuliyoyaona ingekuwa chini ya hapo. Basi kutochungulia kunapunguza uzito wa mikono ya uongo kwa theluthi moja ukilinganisha na ya kweli. Zile 11 zinakuwa kama 7 na nusu. Saba na nusu dhidi ya 24 ni asilimia 24. Zinahitajika 32. Tupa.

Ona jinsi ishara ilivyo ndogo. Haikusema "ana kopa". Ilisukuma mzani kutoka 32 hadi 24, basi. Ikiwa mzee angeweka 1,000 badala ya 3,000, mhasibu angehitaji asilimia 18 tu kulipa, kwa sababu angekuwa analipa 1,000 kupata jumla ya 5,450. Ishara ileile, mzee yuleyule, kikombe kilekile cha chai, na jibu lingekuwa kulipa bila kusita, tena akijua kwamba mara nyingi atapoteza. Nimewaona wengi wakichanganya hapa. Wanasema "niliamini nilivyomsoma, nikatupa" mbele ya dau dogo, na wanajisifu nidhamu, kumbe kila mara wanaacha pesa. Kuamini unavyomsoma mtu hakukuondolei kazi ya kuuliza bei. Na bei ikiwa mbali na sare, utahitaji ishara nzito sana kuigeuza, uzito ambao kuchungulia na kutochungulia hakuna.

Kuna aliyeniuliza kwenye kundi: basi machale yaaminiwe au yasiaminiwe? Daniel Kahneman na Gary Klein, wanasaikolojia wawili waliokuwa wakitofautiana kwa miaka juu ya hisia za wataalamu, walikaa pamoja na kuandika makala katika jarida la American Psychologist mwaka 2009, na wakakubaliana juu ya masharti mawili. Hisia ya mtaalamu huaminika pale ambapo mazingira yana utaratibu unaojirudia, na pale ambapo mtu amepata nafasi ya kujifunza utaratibu huo kwa kuona matokeo.

Sharti la kwanza poka inalitimiza nusunusu: watu wana tabia, na tabia hujirudia. La pili ndilo linalotutesa. Ukitupa, huonyeshwi. Mhasibu anaweza kutupa vizuri mwaka mzima au kudanganywa mwaka mzima, na kutoka upande wake wa meza mambo hayo mawili yanafanana. Wanaolipa kila kitu hujifunza haraka, kwa gharama. Wanaotupa hubaki na imani yao, ikikua bila kumwagiwa ukweli. Kwa sababu hiyo machale ya mtu aliyekaa na mzee usiku kucha akitazama na mikono ambayo hata yeye hakuwamo, nayapa uzito. Mikono usiyocheza ndiyo inayokupa majibu bure: wengine wanalipa, karata zinafunguliwa, wewe unaangalia. Mhasibu aliliona lile la pao tatu akiwa ametupa zamani. Wengine wakati huo walikuwa kwenye simu wakifuatilia matokeo ya mpira.

Kuna jambo jingine lililomvuta mhasibu kulipa, na halikuhusu karata. Aliniambia alichokihofia zaidi ni mzee kufungua jeki na kwini na chumba kizima kucheka. Yeye ni mdogo kwa umri mezani, ndiye pekee aliyevaa tai, na Wakili alishamwambia mara kadhaa kwamba anacheza kiuoga. Kulipa 3,000 kungemwondolea aibu hata kama angepoteza. Mtu anayelipa na kukuta kopa tano anapewa pole, anayetupa na kuonyeshwa uongo anapewa jina. Nimeona pesa nyingi zikiondoka Nairobi hii kwa njia hiyo. Ukijikuta unataka kulipa ili usichekwe, sababu hiyo haiko kwenye asilimia 32 wala 24.

Mzee naye hasaidii. Jumatatu alimwambia mwenye nyumba kwamba alikuwa na esi na nane za kopa. Jumatano alimwambia Wakili, kwa sauti ya chini na mkono begani, kwamba hakuwa na kitu, "nilimsukuma tu yule kijana nione." Wakili akaja mbio kwenye kundi kama aliyepata hati ya mahakama. Mimi nayapa maneno yote mawili uzito sawa, yaani sifuri. Mzee anajua kwamba Ijumaa ijayo tutakaa tena, na anamwandaa kila mtu kwa namna yake. Hata ikithibitika kwamba alidanganya, hukumu yangu haibadiliki. Asilimia 24 si sifuri, na mara moja kwa kila nne mhasibu angetupa mkono uliokuwa ukishinda. Hiyo ndiyo ada ya kufanya uamuzi huo, na ameshailipa kwenye bei.

Mhasibu aliniuliza swali la mwisho, na ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye kundi. Je, kama esi yake ingekuwa ya kopa badala ya shupaza?

Ingebadilisha mengi. Esi ya kopa ikiwa mkononi mwake, mzee hawezi kuwa nayo, na jozi nyingi za kopa ambazo watu hupenda kucheza zina esi ndani. Kati ya zile 20 tulizobakiza, kama 8 zinaondoka. Mikono inayompiga inashuka kutoka 24 hadi 16. Ya uongo haiguswi, kwa sababu kwini, jeki na 10 hazihitaji esi. Kabla ya ishara yoyote tungekuwa na 11 dhidi ya 16, asilimia 41, na kulipa kungekuwa wazi. Weka sasa ile ishara ya kutochungulia: 7 na nusu dhidi ya 16. Asilimia 32.

Sare tena. Nikamwambia kwamba hapo mimi ningelipa. Hesabu haimpi upande wowote sababu, lakini mzee angelazimika kufungua karata zake, na tungejua kama mtu yule akiwa hachungulii ana kopa kweli. Kwa mzee ambaye tunakaa naye kila Ijumaa, jibu hilo lingetumika mpaka siku atakapogundua tunamtazama kidole gumba.